Mali Bila Daftari: Ni Miradi Ipi ya Ajira Inayomfikisha Kijana Kwenye Kazi Njema?

Matini ya mada iliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa umma na wakaazi wa Unguja na Pemba



Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu hutajwa zaidi madukani, lakini unaihusu Serikali zaidi kuliko duka, kwa sababu mwenye duka akipata hasara hupoteza chake, ilhali Serikali ikipata hasara hupoteza cha watu wote. Kila mwaka fedha nyingi hutumika kwa ajili ya ajira za vijana. Hufunguliwa mafunzo, hutolewa mikopo, hugaiwa vyerehani na mizinga ya nyuki. Siku ya kufunga huwepo mgeni rasmi, husomwa risala na hutangazwa idadi ya waliohitimu. Swali ambalo mara chache huulizwa ni hili: baada ya miaka miwili, vijana wale wako wapi?

Mada hii imekusudia kueleza namna ya kulijibu swali hilo, na mfano uliochaguliwa ni Mkoa wa Morogoro pamoja na milima yake ya Uluguru. Morogoro ina viwanda, ina Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilichoanzishwa mwaka 1984, ina vyuo vya ufundi stadi, na ina milima ambayo wakulima wake hulima karafuu, mdalasini na pilipili manga kama wafanyavyo wenzao wa Visiwani. Takriban kila aina ya mradi wa kumsaidia kijana umewahi kujaribiwa huko, na baadhi ya majaribio hayo yameacha mafunzo ambayo hayapaswi kupotea.

1. NANI ANAKUSUDIWA, NA KAZI NJEMA NI IPI

Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamtambua kijana kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 15 hadi 35. Ndani ya umri huo yumo mhitimu wa chuo kikuu anayesubiri barua ya ajira, na yumo pia binti wa mlimani aliyeishia darasa la saba, mwenye mtoto mgongoni na asiye na nauli ya kushuka mjini. Wote wawili ni vijana, lakini hawana shida moja. Mradi unaotangazwa kwa maandishi ya Kiingereza na kuchagua watu kwa usaili utampata yule wa kwanza, ambaye pengine angepata kazi hata bila ya mradi. Yule wa pili hatapata hata habari. Kwa hivyo jambo la mwanzo katika tathmini ni kuangalia ni nani hasa aliyeingia mlangoni.

Jambo la pili ni aina ya kazi yenyewe. Shirika la Kazi Duniani lilianza mwaka 1999 kueneza fikra ya kazi zenye staha, yaani kazi yenye kipato cha kutosha, usalama, hifadhi ya jamii na haki ya mfanyakazi kusema na kusikilizwa. Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na Zanzibar ina Sheria ya Ajira Nam. 11 ya mwaka 2005. Hivyo kumhesabu kila aliyeshika jembe au nyundo kuwa "ameajiriwa" ni kuzidharau sheria hizo.

Morogoro inatoa mfano ulio wazi. Mjini humo mna viwanda vya kusindika tumbaku ambavyo huita vibarua wengi katika msimu. Mpimaji akienda katika miezi ya kazi ataandika kuwa vijana wana ajira. Akienda msimu ukishakwisha atawakuta barazani. Vivyo hivyo ujenzi wa reli ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni, 2024, ulihitaji mikono mingi kwa miaka kadhaa, lakini ujenzi una mwisho wake. Kijana aliyejifunza humo kuchomelea vyuma na akatambuliwa kwa cheti ametoka na kitu cha kwenda nacho kwengine. Aliyebeba kokoto ametoka na ujira alioutumia.

2. MAFUNZO MAWILI YA KALE KUTOKA MOROGORO

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Morogoro ilijengewa kiwanda kikubwa cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutengeneza jozi zipatazo milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hizo ziuzwe Ulaya. Mashine zilikuja na jengo likasimama. Lakini vipuri vilikosekana, ngozi nzuri haikupatikana kwa kiasi kilichohitajika, na jengo lenyewe halikuwa limechorwa kwa ajili ya hali ya hewa ya joto. Kiwanda hakikufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Laiti mtu angekipima kwa fedha zilizotumika, au kwa ukubwa wa jengo, angekitaja kuwa ni mafanikio. Kwa kipimo cha kazi zilizodumu, hali ilikuwa nyengine kabisa.

Funzo la pili ni la zamani zaidi. Kuanzia takriban mwaka 1950 Serikali ya kikoloni ilianzisha katika milima ya Uluguru mpango wa kuzuia mmong'onyoko wa ardhi. Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko, na asiyechimba alikabiliwa na adhabu. Kazi ilikuwa ngumu, na katika sehemu nyingi uchimbaji ulifukia udongo mzuri wa juu na kuibua ule wa chini usio na rutuba, hata mahindi yakawa mabaya kuliko awali. Mwaka 1955 ghasia zilizuka upande wa Matombo na mpango ukaachwa.

Hata hivyo, upande wa Mgeta, matuta kama hayo hayo yalipokelewa na yapo hadi leo. Sababu yake haikuwa ukali wa maofisa. Mgeta kuna ubaridi unaofaa mboga, kuna maji ya kumwagilia, na kulikuwa na soko la mboga hizo. Tuta lililotiwa samadi na kumwagiliwa lilimrudishia mkulima jasho lake. Chombo kilikuwa kimoja katika milima ile ile. Kilichotofautiana ni kama palikuwa na faida mwishoni. Mafunzo ya vijana nayo ni vivyo hivyo. Ushoni unaofundishwa mahali penye wateja ni riziki, na ushoni huo huo ukifundishwa mahali ambapo kila nyumba ya tatu ina cherehani isiyo na kazi, ni matuta ya Matombo.

3. NAMNA YA KUPIMA

Chukulieni mfano wa hesabu nyepesi. Mradi umefundisha vijana 100, na baada ya mwaka 60 wana kazi. Je, mradi umewapatia kazi vijana 60? Jawabu ni kwamba bado haijulikani. Huenda vijana wengine 100 wa mitaa hiyo hiyo, wenye umri na elimu ile ile, ambao hawakufundishwa chochote, 55 kati yao nao wamepata kazi. Ikiwa ni hivyo, mchango wa mradi ni vijana 5 tu. Na gharama yote ya mradi igawiwe kwa hao 5, wala si kwa wote 100. Hapo ndipo inapoonekana kuwa mradi uliotajwa kuwa rahisi ni ghali mno.

Kwa hiyo tathmini ya kweli inahitaji kundi la kulinganishia. Njia iliyo safi zaidi ni kura. Iwapo nafasi ni 100 na walioomba wenye sifa ni 300, kupiga kura mbele ya watu wote ni uadilifu, kwani kunafunga mlango wa kujuana. Aidha kura hiyo hiyo humpa mpimaji makundi mawili yanayofanana: waliopata na wasiopata. Wale waliokosa wanaweza kupewa nafasi katika awamu zinazofuata, ili isiwe wamenyimwa moja kwa moja.

Jambo jengine ni muda. Kijana akiwa darasani hatafuti kazi wala hapati ujira, hivyo katika miezi ya mwanzo mwenzake asiyesoma huweza kuonekana kumshinda. Mwaka 2018 wataalamu Card, Kluve na Weber walichapisha uchambuzi wa tathmini zaidi ya 200 kutoka nchi mbalimbali. Walikuta kuwa, kwa wastani, matokeo ya miradi ya ajira katika mwaka wa kwanza hukaribia sifuri, na kwamba faida ya miradi ya mafunzo hukua baada ya miaka miwili au mitatu. Ajira za muda zinazolipwa na Serikali ndizo zilizoonekana kuwa na matokeo dhaifu katika kumfikisha mtu kwenye kazi ya kudumu, ingawa zinaweza kumsitiri wakati wa dhiki. Anayefunga daftari mapema huweza kuukata mti kabla haujazaa.

4. YALIYOTHIBITISHWA KWA JIRANI

Uganda imepimwa kwa makini. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2020, vijana wapatao 1,700 wenye hali duni waligawiwa kwa kura: baadhi walipelekwa vyuo vya ufundi kwa miezi sita, wengine walipelekwa kwa waajiri ambao walilipwa ili wawafundishe kazini, na wengine wakabaki kama walivyokuwa. Njia zote mbili ziliongeza ujuzi na kipato. Waliofundishwa na waajiri walianza kazi mapema zaidi, lakini faida yao ilipungua kadiri miaka ilivyopita. Waliosoma chuoni walichelewa kuanza, kisha wakawapita. Sababu kubwa ilikuwa cheti. Kijana mwenye cheti akipoteza kazi aliweza kumthibitishia mwajiri mwengine anachokijua. Asiye nacho alianza upya kama asiyejua kitu.

Huko huko Uganda, kaskazini, Serikali ilivipa vikundi vya vijana ruzuku ya kujifunza ufundi na kununua vifaa, wastani wa takriban dola 380 kwa mtu. Baada ya miaka minne, kipato cha waliopata kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha waliokosa. Baada ya miaka tisa pengo la kipato lilikuwa limekaribia kufutika, kwa kuwa waliokosa nao waliwafikia wenzao, ingawa waliopata walibaki na mali zaidi. Hivyo ruzuku ilimsogeza kijana mbele kwa miaka kadhaa, na hilo si dogo kwa maskini, lakini haifai kuahidiwa kuwa ni utajiri wa maisha.

Lipo pia onyo. Shirika la BRAC lilianzisha nchini Uganda vilabu vya wasichana vyenye mafunzo ya maisha na ya kazi, na tathmini ikaonesha kuwa wasichana wenye shughuli za kipato waliongezeka. Mpango huo ulipoletwa Tanzania haukuonesha matokeo ya maana, na miongoni mwa sababu zilizotajwa na watafiti ni uchache wa nyenzo katika utekelezaji. Jina lilikuwa moja, mafanikio yakawa mbali mbali. Wazee wa pwani walisema usisafirie nyota ya mwenzio.

5. MOROGORO YA LEO

Kwa mwanga huo, miradi kadhaa ya Bara inaweza kutazamwa upya. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo cha kuwaandaa walimu wa ufundi stadi mjini Morogoro. VETA pia huendesha utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mitaani, na anayefaulu hupewa cheti bila ya kuanza darasa la mwanzo. Fundi wa gereji aliyekaa miaka kumi chini ya magari hahitaji kufundishwa spana ni nini. Anahitaji mtu wa kuushuhudia ujuzi wake kwa maandishi. Kwa kijana asiye na ada wala muda wa kukaa chuoni, njia hii ni ya gharama ndogo, na inaafikiana na yale yaliyoonekana Uganda kuhusu thamani ya cheti.

Mikopo nayo inahitaji jicho kali zaidi. Kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, halmashauri za Bara zilitakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 utoaji ulisitishwa baada ya kubainika kasoro, na mwaka 2024 ukarejeshwa kwa utaratibu mpya. Kipimo kinachotumiwa sana ni marejesho, na ni lazima yafuatiliwe. Lakini marejesho hayaoneshi ajira. Kikundi kinaweza kurejesha mkopo kwa kuuza mbuzi wa mzee wao, na daftari likaandika kuwa mradi umefaulu. Swali lililobaki ni kama kikundi bado kinafanya kazi, na kila mwanachama anapata nini kwa mwezi.

Katika milima yenyewe, kijana Mluguru hukabiliwa na uhaba wa ardhi. Kwa desturi mashamba hufuata ukoo wa upande wa mama, vipande ni vidogo na miteremko ni mikali. Wengi hushuka mjini wakawa wachuuzi au waendesha bodaboda. Waliobaki na wakafanikiwa, aghalabu ni wale walioshika mazao yenye thamani kubwa katika eneo dogo: mboga na mbuzi wa maziwa upande wa Mgeta, viungo upande wa Kinole, Tawa na Matombo. Chuo Kikuu cha Sokoine kimefanya kazi na wakulima hao tangu miaka ya 1980, na shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, SAT, lililoanzishwa mwaka 2011, hutoa mafunzo ya kilimo hai na kuwaunganisha wakulima na wanunuzi. Katika miradi ya namna hii somo la shambani hufuatana na mlango wa soko, na hiyo ndiyo sifa yake ya kutazamwa.

Hata hivyo mafunzo si dawa ya kila maradhi. Kijana wa Mgeta anayeuza viazi au kabichi kwa gunia la lumbesa hupunjwa kila anapouza, hata kama amehudhuria semina kumi. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa. Kusimamia mizani sokoni na kutengeneza barabara ya mlimani isikatike wakati wa masika huweza kumwongezea kijana huyo kipato zaidi ya mafunzo mengine. Hivyo afisa wa vipimo na mhandisi wa barabara nao ni maofisa wa ajira za vijana, ingawa hawaitwi hivyo.

6. MAMBO YA KUZINGATIWA VISIWANI

Zanzibar ina Mamlaka ya Mafunzo ya Amali iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, yenye vituo kama vile Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Ina pia utalii, uvuvi, mwani na karafuu. Kwa hiyo kila ofisi inayosimamia mradi wa vijana, pamoja na masheha wanaopendekeza majina, inafaa ijiulize haya:

(a) Walioingia ni akina nani? Wangapi hawakumaliza skuli, wangapi ni wanawake wenye watoto, wangapi wana ulemavu, na wangapi wanatoka shehia za mbali?

(b) Walioacha njiani waliacha kwa nini? Mara nyingi kinachomtoa kijana maskini katika mafunzo si uvivu, ni nauli, chakula cha mchana, au kukosa wa kumwachia mtoto.

(c) Je, waajiri waliulizwa kabla ya somo kuanza? Hoteli, gereji na wajenzi ndio wanaojua ni ujuzi gani unaokosekana.

(d) Cheti kinachotolewa kinatambuliwa na mwajiri asiyeujua mradi, au ni karatasi ya kutundika ukutani?

(e) Baada ya miezi 6, 12 na 24, kijana yuko wapi, analipwa kiasi gani, ana mkataba, na anachangiwa hifadhi ya jamii?

(f) Wenzake waliokosa nafasi wako wapi? Bila ya jawabu hili, majawabu yote yaliyotangulia ni nusu.

(g) Kila kazi moja iliyodumu imegharimu shilingi ngapi?

Kazi hii haihitaji mitambo mikubwa. Yatosha orodha ya majina, nambari za simu za kijana na za jamaa zake wawili, na karani mwenye kuwapigia kwa wakati uliopangwa. Kinachohitajika zaidi ni ujasiri wa kuandika matokeo mabaya pale yanapotokea. Mtumishi anayeripoti kuwa mradi haukufaulu, na akaeleza sababu, anaihudumia Serikali vizuri kuliko yule anayepamba risala. Na wakubwa nao wanapaswa kumpokea kwa shukrani, kwani akiadhibiwa yeye, mwakani kila ripoti itakuwa nzuri na vijana watabaki pale pale.

HITIMISHO

Ndugu wananchi, ushahidi uliopo hauelekezi kwenye mradi mmoja unaofaa kila mahali. Unaonesha kuwa miradi yenye nafuu zaidi ni ile inayompata kijana mwenye shida hasa, inayomfundisha kitu kinachotakiwa sokoni, inayothibitisha ujuzi wake kwa cheti kinachoaminika, na inayompa nyenzo ya kuanzia pale panapohitajika. Ajira za muda zina nafasi yake wakati wa dhiki, lakini zisihesabiwe kuwa ni safari iliyofika. Na mradi wowote, wa ndani au wa mfadhili, uanze na daftari lake siku ile ile unapoanza.

Fedha ikipotea huweza kutafutwa nyengine. Lakini kijana wa miaka 19 aliyepitishwa katika mafunzo matatu yasiyo na mwisho, akafika miaka 25 bado yupo barazani, hawezi kurejeshewa miaka yake. Na anayemuona hivyo ni mdogo wake, ambaye kesho ataitwa kwenye mradi wa nne.